Kwa nini Rais wa Marekani humwita mchungaji huyu na si yule?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mchungaji kijana huku Iringa. Vijana wa kanisani kwangu wanawafuatilia wahubiri wa Marekani YouTube kuliko wanavyonisikiliza mimi. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: mmoja ana kanisa la maelfu lakini hasikiki kwenye mambo ya nchi, mwingine hana hata kanisa la kueleweka na bado Rais anamwita. Ni nini hasa kinachompa kiongozi wa Kikristo ushawishi kule? Ni upako, fedha au siasa? Na baada ya Billy Graham, yupo mwingine?

Jibu:

Amen, mchungaji. Upako nitauacha, kwa sababu sina kipimo chake, na wote unaowaona YouTube, wa kweli na wa uongo, wanadai wanao. Fedha na siasa zimo, ila huja baadaye. Kinachotangulia ni mambo mawili ya kawaida kabisa: mtu huyu anawafikia watu wake kwa njia ya nani, na nani anamlipa. Ukishayajua hayo, mengi yanayokushangaza hayatakushangaza tena.

Kwetu askofu akizungumza, anazungumza akiwa na kiti nyuma yake. Mkuu wa mkoa anampisha, magazeti yanamwandika, hata asiye muumini wake anamwita Baba Askofu. Marekani kiti cha namna hiyo ni chepesi sana. Marekebisho ya kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yaliizuia serikali kuu kuanzisha dini ya taifa, na majimbo yaliyokuwa na makanisa rasmi yakaachana nayo moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa Massachusetts, 1833. Tangu hapo kanisa linaishi kwa watu wanaokuja kwa hiari yao. Ni kama duka la mtaani: mteja akichukia leo, kesho anavuka barabara, na hakuna wa kumrudisha. Yeyote anaweza kuanzisha lake bila kibali cha dhehebu. Wengi wanaanzisha, wachache wanajaza. Utafiti mkubwa wa makusanyiko uliofanyika 2020 ulionyesha kwamba kusanyiko la katikati, yaani lile ambalo nusu ya mengine ni makubwa kuliko lenyewe na nusu ni madogo, lilikuwa na watu 65 tu katika ibada ya wiki. Makanisa yenye watu 2,000 na zaidi, hayo vijana wako wanayoyaona, hayafiki hata moja katika kila mia.

Sasa tuje kwa aliyekuwa na ushawishi kuliko wote katika karne iliyopita. Kwa maoni yangu si Billy Graham, ni Martin Luther King. Desemba 1955, Rosa Parks alipokamatwa Montgomery, Alabama, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, King alikuwa na miaka 26 na hakuwa amemaliza hata miaka miwili kwenye kanisa lake la Dexter Avenue. Kwa nini weusi wa mji walimchagua yeye kuongoza mgomo wao wa mabasi? Sehemu ya jibu ni kwamba alikuwa mgeni, hajaingia kwenye makundi ya mji wala kujenga uadui na mtu. Lakini tazama pia mshahara wake ulitoka wapi. Mwalimu mweusi wa shule ya serikali akisimama jukwaani, kesho yake hana kazi. Mfanyakazi wa ndani akisimama, mama mwenye nyumba anamfukuza. Mchungaji wa Kibaptisti analipwa na washirika wake, weusi wenzake, kwenye jengo lao wenyewe. Mjini kote karibu hakuna mtu mweusi mwingine aliyeweza kusema hivyo bila kuogopa njaa.

Na mgomo wenyewe uliendeshwa na makanisa kwa maana ya kawaida kabisa ya neno kuendeshwa. Watu walipoacha mabasi kwa siku 381, magari ya kuwabeba yalinunuliwa na kusajiliwa kwa majina ya makanisa, na jina la kanisa likaandikwa ubavuni. Kampuni za bima zilipoyafutia bima yao, wakaitafuta London. Hotuba ya King pale kanisa la Holt Street usiku wa tarehe 5 Desemba ilikuwa ya moto, sikatai. Ila bila mfuko wa sadaka na magari, hotuba ingebaki hotuba. Waswahili walishasema mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1963, akiwa gerezani Birmingham, aliandika barua ndefu kuwajibu viongozi wanane wa dini, wazungu, wakiwemo maaskofu, waliomtaka apunguze kasi. Wao ndio waliokuwa na viti. Leo watu wengi huwakumbuka tu kwa sababu aliwajibu.

Huo ndio upande wa nani anamlipa. Upande wa njia ni mrefu zaidi, na hapa naomba uvumilie habari ya kanuni za redio, kwa sababu imebadilisha Ukristo wa Marekani kuliko seminari nyingi.

Kwa miaka mingi vituo vya redio na baadaye televisheni vilitakiwa kuonyesha kwamba vinahudumia umma. Njia moja ilikuwa kuyapa makanisa muda wa bure, na muda huo kwa kawaida ulikwenda kwa madhehebu makubwa yenye heshima: Wapresbiteri, Wamethodisti, Waepiskopali, Wakatoliki. Wainjilisti wenye msimamo mkali, yaani Waprotestanti wanaosisitiza kuokoka na Biblia, walibaki nje, wakalazimika kununua muda pale walipouziwa. Mwaka 1960 mamlaka ya mawasiliano, FCC, ikasema kipindi cha dini kilicholipiwa nacho kihesabiwe kuwa huduma kwa umma. Wenye vituo wakapiga hesabu: kama cha kulipiwa kinahesabiwa, cha bure nitatoa kwa ajili gani? Madhehebu makubwa, yaliyozoea kupewa, yakapotea hewani kidogo kidogo. Waliozoea kununua wakajaa.

Aliyezoea kununua alikuwa na kitu ambacho askofu hakuwa nacho, yaani orodha ya majina. Ili ulipie kipindi cha wiki ijayo lazima msikilizaji atume dola kumi. Akituma, unabaki na jina na anwani yake. Mwezi ujao unamwandikia barua. Jerry Falwell alianza Lynchburg, Virginia, mwaka 1956 na watu wazima 35 ndani ya jengo la zamani la kiwanda cha soda, na mwaka haukuisha kabla hajaingia redioni na kwenye televisheni. Alipoanzisha Moral Majority mwaka 1979 ili kuwaingiza wainjilisti kwenye siasa za uchaguzi, hakuanza na patupu. Watu walishamsikiliza kwa zaidi ya miaka 20, na anwani zao alikuwa nazo. Pat Robertson alipita njia hiyohiyo: kituo kibovu cha televisheni alichokinunua Virginia kikazaa mtandao wa CBN, na mwaka 1988 akagombea urais.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtu ambaye hakuwa mchungaji kabisa. James Dobson alikuwa mwanasaikolojia wa watoto. Mwaka 1977 alianzisha shirika la Focus on the Family, na redioni alizungumza mambo ambayo mama wa nyumbani anayahitaji saa nne asubuhi: mtoto anayekojoa kitandani, kijana mwenye kiburi, mume asiyeongea. Watu wakaandika barua, wakajibiwa. Barua zikawa nyingi hadi shirika lake, baada ya kuhamia Colorado Springs, likapewa namba yake ya posta, kana kwamba ni mji mdogo. Siasa alizigusa kwa kiasi. Kisha Februari 1994, Bunge la Wawakilishi likiwa na muswada wa elimu, wazazi wanaosomesha watoto nyumbani wakashtuka kwamba kifungu kimoja kuhusu vyeti vya walimu kinaweza kuwabana na wao. Habari ikapita kwenye kipindi cha Dobson na vipindi vingine vya Kikristo, wasikilizaji wakaombwa wampigie simu mbunge wao. Kwa siku kadhaa simu za Bunge zilizidiwa. Kifungu kikaondolewa kwa kura 424 dhidi ya 1, na huyo mmoja ndiye aliyekileta. Ebu fikiria: wabunge mia nne na zaidi, wa vyama vyote viwili, wakatishwa na mtu aliyejijengea imani kwa kuzungumza habari za malezi.

Mama ambaye Dobson alimsaidia kuhusu mtoto wake miaka kumi nyuma hakuona anatumwa na mwanasiasa. Aliona anaombwa na mtu anayemjua. Ushawishi wa kweli wa kule hupatikana hivyo, kwenye jambo jingine kabisa, na huwekwa akiba muda mrefu kabla ya kutumika.

Billy Graham unamjua. Wazee wetu wengine walimsikia kwa masikio yao mwaka 1960 alipozunguka Afrika akafika hadi Kenya na Tanganyika. Watu husimulia hema la Los Angeles la 1949 na magazeti ya tajiri Hearst yaliyompandisha, au wiki 16 za Madison Square Garden, New York, 1957. Mimi huanza na chumba cha hoteli Modesto, California, 1948. Yeye na wenzake watatu wa timu yake walikubaliana kila mmoja aende peke yake akaandike ni mambo gani yanayowaangusha wahubiri wa mikutano ya injili. Waliporudi orodha zilifanana: fedha, wanawake, kutia chumvi kwenye idadi ya waliookoka, na kuyasema vibaya makanisa ya wenyeji. Wakaweka masharti. Hesabu ya watu ichukuliwe kwa polisi au kwa wenye uwanja. Hakuna kukaa faragha na mwanamke asiye mke wako. Suala la fedha halikutulia mara moja: mwaka 1950 gazeti moja la Atlanta lilichapa picha yake akitabasamu anaondoka, na karibu yake picha ya wahudumu wakibeba magunia ya sadaka. Ilimchoma. Akaacha kupokea sadaka za upendo, akawekewa mshahara na bodi.

Naona masharti hayo yalimpa miaka yake sitini ya kuaminiwa kuliko sauti yake, ingawa sauti ilikuwa nzuri. Jim Bakker alikuwa na televisheni, Jimmy Swaggart alikuwa na kipaji cha mahubiri pengine kumzidi Graham, na wote wawili wakaanguka kati ya 1987 na 1988, mmoja akaishia gerezani kwa ulaghai wa fedha. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia hapana. Graham naye hakuwa malaika. Kanda za Ikulu ya Rais Nixon zilipotolewa 2002 zilimnasa mwaka 1972 akisema maneno mabaya juu ya Wayahudi, akaomba radhi akiwa mzee, na alikiri kwamba alijisogeza mno kwenye siasa.

Kuhusu umati sitachukua muda. Joel Osteen anahubiri Houston ndani ya uwanja wa zamani wa mpira wa kikapu wa Rockets, wenye nafasi ya watu kama 16,000, na kipindi chake kinafika hadi sebuleni kwenu. Siasa huikwepa makusudi, na sheria za nchi hajazigusa. Huwezi kusema hana ushawishi. Namna mamilioni wanavyofikiri Mungu anawatakia nini wiki hii, yeye ameigusa sana, na mimi binafsi siifurahii. Tim Keller, aliyefariki Mei 2023, alikuwa na kanisa dogo kwa kulinganisha, Manhattan, katikati ya wasomi wasioamini. Kitabu chake kilichomtangaza kilitoka 2008, akiwa amekaribia miaka 58. Lakini alifundisha wachungaji, akasaidia kupanda makanisa kwenye miji mikubwa ya dunia, na leo kuna mahubiri mengi yanayotoka kwake bila msikilizaji kujua. Unapouliza nani ana ushawishi, ni lazima useme juu ya nani: bunge, wachungaji, au mama aliye jikoni.

Sasa nifike pale ambapo wageni wengi hawapaoni. Tunadhani kiongozi anaivuta kamba. Kule mara nyingi kamba iko shingoni mwake na waumini ndio wameishika.

Mwaka 2016 Russell Moore alikuwa mkuu wa ofisi ya maadili na sera ya Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti Marekani. Cheo kikubwa, ofisi Washington. Akampinga Donald Trump waziwazi. Novemba hiyo wainjilisti wazungu wapatao wanane katika kumi walimpigia Trump kura, na miezi michache baadaye makanisa zaidi ya 100 yakatishia kuzuia michango yao. Moore akaomba radhi kwa ukali wa maneno yake, akabaki kwa shida, na 2021 akaondoka. Beth Moore, ambaye hawana undugu ila wanashirikiana jina, alikuwa mwalimu wa Biblia aliyejaza kumbi kubwa kwa wanawake peke yao, ndani ya dhehebu hilohilo lisiloruhusu mwanamke kuwa mchungaji. Naye 2016 alisema wanawake hawawezi kunyamazia maneno ya Trump juu yao. Mahudhurio ya mikutano yake yakapungua, na Machi 2021 naye akatoka. Hao wote walikuwa na kipaji, usafi wa maisha na miaka ya huduma. Walipowaambia watu wao kitu ambacho watu hawakutaka kusikia, watu wakavuka barabara.

Ndiyo maana nikisikia kwamba mchungaji fulani ana nguvu kwa sababu waumini wake wote walipiga kura alivyosema, huuliza kwanza: wangepiga vipi asingesema? Wapo wengi wanaotangulia mbele ya msafara uliokwisha kuchagua njia.

Na Rais anamwita nani? Rafiki yake, au mwenye kura. Paula White hana dhehebu kubwa nyuma yake, na wainjilisti wengi humwona mhubiri wa mafanikio tu. Lakini Trump alimwona kwenye televisheni mwanzoni mwa miaka ya 2000, akampigia simu, wakawa marafiki zaidi ya miaka kumi kabla hajagombea. Aliomba kwenye kuapishwa kwake 2017, na 2025 akapewa kuongoza ofisi ya imani ya Ikulu. Rick Warren wa Saddleback, California, aliitwa kwa sababu nyingine. Kitabu chake cha 2002 kiliuzwa kwa makumi ya mamilioni na makanisa ya kila dhehebu yalikisoma kwa pamoja, hata Agosti 2008 Obama na McCain wote wawili walikubali kukaa mbele ya kanisa lake na kuhojiwa naye. Februari 2023 Wabaptisti wa Kusini walilifukuza kanisa hilohilo kwa kuwa na mwanamke mchungaji. Aliyewahoji wagombea urais wote wawili akasimama mkutanoni Juni hiyo kujitetea, na wajumbe wa dhehebu lake wakamkatalia.

Usidhani kukaribia Ikulu ni kazi bure siku zote. Mwaka 2002 Franklin Graham, mwana wa Billy, aliitisha mkutano Washington juu ya UKIMWI, na huko Seneta Jesse Helms, mzee aliyekuwa amepinga matumizi ya UKIMWI kwa miaka mingi, akasema anaona aibu kwa kutofanya zaidi. Mwaka uliofuata Rais Bush akatangaza mpango wa PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na wainjilisti wakawa miongoni mwa waliousukuma. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa kwenye kundi la kwanza. Kwa hiyo sehemu ya ARV zilizofika hospitali zetu miaka ile ilitokana na ushawishi huu unaoniuliza. Sehemu ya masharti pia: theluthi ya fedha za kinga ilitengwa kwa mahubiri ya kujizuia na uaminifu katika ndoa, hadi 2008 sheria ilipobadilishwa.

Billy Graham mwingine? Jarida la Time liliuliza hivyo juu ya mhubiri T.D. Jakes mwaka 2001, na jibu langu wakati wowote lingekuwa hapana, bila kumdharau Jakes. Mwaka 1957 mikutano ya New York ilirushwa moja kwa moja na ABC Jumamosi usiku, wakati nchi nzima ilikuwa na mitandao mitatu tu ya televisheni. Leo kila mmoja ana chake mkononi. Watu wazima wanaojiita Wakristo walikuwa asilimia 78 mwaka 2007. Kwenye utafiti wa 2023 na 2024 wamebaki kama 62. Na Gallup, shirika la kura za maoni, waliokuta 1985 kwamba Wamarekani 67 katika 100 wanaona maadili ya wachungaji ni ya juu, siku hizi wanakuta kama 30. Hakuna kipaji kitakachoziba pengo hilo peke yake.

Kwa vijana wako, kama mmoja wao anakuuliza mhubiri fulani ana uzito gani, mwambie mtafute lini aliwaambia wachangiaji wake jambo wasilolipenda, kisha mtazame mapato ya mwaka uliofuata. Mashirika ya huduma yaliyosajiliwa nje ya kanisa hujaza fomu ya kodi iitwayo 990, na iko wazi mtandaoni hata kwa mtu wa Iringa. Makanisa hayalazimiki kuijaza. Mtagundua pia kwamba baadhi ya mashirika makubwa, likiwemo Focus on the Family, yameshaomba na kukubaliwa kuhesabiwa kisheria kuwa makanisa, na tangu hapo fomu zao hazionekani.